Mama Vumbi, Adui wa Neno "Walipotea"

Kabla sijamsifu mtu mwingine nijisifu mwenyewe, maana programu hii ya sherehe ya kuagana ina kurasa nne tu, na anayesubiri kusifiwa na wenzake katika ofisi hii atasubiri mpaka astaafu. Katika jengo hili zima, kuanzia getini kwa mlinzi hadi kwenye kiti kinachozunguka cha Mkurugenzi, ni mimi peke yangu niliyewahi kuwa na umri wa miaka elfu tatu. Nilikuwa nao wiki nzima. Kompyuta ilithibitisha, Mkurugenzi akapiga simu kuwatangazia wakubwa wenzake, na mama yangu mzazi, nilipomweleza kwamba ana mtoto wa umri huo, alisema ndiyo maana mgongo wake hauponi.

Habari hiyo nitaifikia. Kwanza niweke mambo ya heshima mbele kama nilivyoelekezwa.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkuu wetu wa chumba safi atavua ovaroli nyeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Amewapokea na kuwaaga wakurugenzi sita. Kwenye barua za ofisi ana jina refu lenye vyeo mbele na nyuma. Humu ndani anaitwa Mama Vumbi, na hajawahi kukasirika, labda kwa sababu jina lenyewe ni la kweli pande zote mbili. Kuna vumbi analolichukia na vumbi analolipenda. Analolichukia ni hili la kila siku, la kwenye viatu, nywele na mabega ya watu. Analolipenda ni lile linalotoka kwenye mfupa wa kale ukitobolewa kwa kekee ndogo kama ya daktari wa meno: jeupe, laini, jepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umeharibu kazi ya mwaka. Alipokuwa anabeba vumbi hilo kutoka meza moja hadi nyingine, hata sisi tuliokuwa nje ya kioo tulibana pumzi.

Mimi mwandishi ni fundi wa hewa na baridi. Shule na mimi tuliachana kidato cha pili kwa maelewano mazuri. Wananiita Feni, eti kwa sababu natengeneza feni, lakini dada wa kompyuta, msomaji wetu wa matokeo, anasema ni kwa sababu nikiwashwa sizimiki. Niwaambie ukweli ambao maprofesa hawapendi kuusema: bila mimi hakuna sayansi hapa. Chumba safi ni lazima hewa yake isukumwe kutoka ndani kwenda nje muda wote, ili takataka zetu sisi tulio hai zisiingie. Hewa ikisimama, kazi imesimama. Na mimi nina kipimo cha hewa kisichotumia betri. Nalamba kidole cha shahada, nakiinua juu, na upande unaopoa ndiko upepo unakotoka. Wameleta mashine ya ng'ambo inayofanya kazi hiyo hiyo, na mpaka leo inabishana na kidole changu, na mara nyingi kidole ndicho kinachoshinda. Mama Vumbi mwenyewe alikuwa akiniita koridoni mlango ukianza kuvuta vibaya: Feni, njoo na kidole chako.

Sasa, kwa wageni wa sherehe wanaodhani tunachimba dhahabu. Taasisi yetu inasoma vinasaba vya watu waliokufa kabla mtu yeyote hajaandika chochote, ili tujue sisi tuliopo tumetokana na nani. Nilipoajiriwa sikuelewa hata kidogo. Nilimuuliza Mama Vumbi jikoni, wakati wa chai, mtu aliyekufa zamani hivyo anaonekanaje ndani ya mtu aliye hai. Akachukua kikombe changu bila kuomba, akatia sukari, akakoroga, akaniambia niitoe. Nikamwambia haitoki. Akasema basi imepotea? Nikaonja. Haikupotea. Akasema kila mtu ni kikombe cha namna hiyo, nusu kamimina mama, nusu kamimina baba, nao walimiminiwa na wao, mpaka nyuma kusikoonekana, na mashine zetu zote hizi za bei mbaya ni ulimi tu wa kuonja nani yumo. Kisha akanywa chai yangu. Huo ndio ukawa mtindo wake wa kufundisha, na ndiyo sababu wanafunzi wake walikuwa wanakuja na vikombe viwili.

Masharti yake yalijulikana hadi mtaa wa pili. Mgeni mmoja mkubwa wa serikali alifika na ndevu za kifahari, akaambiwa ama azivalishe wavu ama aishie kwenye kioo. Akavaa. Alifanana na chungwa la kuuza, na walinzi wake walikuwa wanaangalia dari ili wasicheke. Alipotoka alimshukuru Mama Vumbi kwa kumfundisha kwamba mtu hudondosha vipande vya nafsi yake kila anapotembea. Kwa sababu hiyo hiyo kila anayeajiriwa hapa, awe mtafiti au mpika chai, siku ya kwanza hutemea mate kwenye kichupa. Si dharau. Ni ili siku kompyuta ikitoa matokeo ya ajabu, tulinganishe kwanza na sisi wenyewe, tujue kama aliyeonekana ni mtu wa kale au ni mpika chai.

Lakini kama kuna kitu kimoja Mama Vumbi alichokichukia kuliko vumbi la viatu, ni neno moja. Neno "walipotea".

Mmelisikia wote. Liko kwenye vitabu vya shule, na lilikuwa kwenye ripoti za Mkurugenzi aliyepita na aliyepita kabla yake. Kwamba hapa zamani waliishi watu wa mapangoni, wawindaji na waokota matunda. Kisha wakaja wafugaji kutoka kaskazini na mifugo yao. Kisha wakaja wakulima kutoka magharibi na mbegu na chuma. Na wale wa kwanza? Walipotea. Nukta, aya mpya. Mwanafunzi akiandika hivyo, Mama Vumbi alimwita mbele za watu na kumuuliza walipotea wakienda wapi, sokoni? Nani aliwaona mara ya mwisho? Walivaa nini? Yule mwanafunzi anatafuta shimo la kuingia. Halafu Mama Vumbi anatoa ile hukumu yake ambayo sasa imebandikwa juu ya friza namba mbili, kwa mwandiko wangu, na nukta zote nimeweka mwenyewe:

"Watu hawapotei. Wanaolewa."

Tatizo ni kwamba hakuwa na ushahidi. Miaka mingi ya utumishi wake aliipitisha na mifupa iliyogoma. Udongo wa huku una joto na unyevu, unakula vinasaba kama mchwa anavyokula mlango. Alitoboa, akasafisha, akaweka mashineni, kompyuta ikarudisha bakteria. Mwingine angehamia kwenye utafiti wa mahindi, ambako hela ipo. Yeye aliosha kekee na klorini akaanza upya. Wanaosema subira ni ya wanyonge hawajamwona akimwangalia mtu aliyeingia na viatu.

Ndipo likaja pango la kilimani. Wachimbaji walimkuta mwanamke amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na mikononi mwake ameshika mtoto mdogo. Alilala hapo miaka elfu tatu, kwenye udongo mkavu uliofunikwa na jiwe. Hapo hapo, kwenye tabaka lile lile la udongo, kulikuwa na vibanzi vya mawe vya wawindaji na mifupa ya kondoo. Yaani yule mama aliishi katika siku zile zile wageni wenye mifugo walipoanza kuonekana bondeni. Kati ya vizazi vyote ambavyo angeweza kutuachia mfupa, aliangukia kizazi cha kukutana.

Kilima kile kina mwenyewe. Ni mama mmoja mfupi, mfuga mbuzi, sauti yake inasikika kabla yake. Alikubali tuwachukue kwa miaka miwili, wasizidi siku, kisha warudishwe walale pale pale, na kutoka hapo pango lifungwe. Alituambia hao si wa kwao. Watu wa kwao walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, wakawakuta hao tu, kisha hao wakapotea. Nilimwona Mama Vumbi akimeza mate aliposikia neno lile. Mwenye kilima akaendelea kwamba hata hivyo ni wageni wake, wamelala kwake siku nyingi, na mgeni anasindikizwa na anarudishwa.

Miaka miwili. Kustaafu nako kulikuwa kumebaki miaka miwili na wiki chache. Kwa hiyo mambo yote, pango, neno lile na utumishi wa Mama Vumbi, yakawa yanakwenda kufungwa pamoja.

Watu walidhani anachotaka ni kumjua yule mama. Alimtaka, ndiyo. Lakini aliyemnyima usingizi ni yule mdogo. Mama Vumbi alilelewa na mama yake mdogo, wazazi wake wakiwa hawapo, na kila alipopita njiani watu walikuwa wanamshika kidevu na kumuuliza, wewe mtoto wa nani? Alituambia hivyo mara moja tu, huku anavaa glovu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Swali hilo hilo alikuwa analiuliza pangoni. Je, yule mama ndiye aliyemzaa, au alimlea tu? Na baba yake alikuwa wa mapangoni, au alikuwa mmoja wa wale waliokuja na kondoo? Kama alikuwa wa kondoo, basi yule mtoto ndiye mlango wenyewe. Ndiye sukari inayoanguka kwenye chai, imeshikwa katikati ya hewa.

Kwa mama mtu tulikuwa na mfupa wa ndani ya sikio, mgumu kuliko mifupa yote mwilini. Kwa mtoto, udongo ulikuwa umebakisha jino. Akaamua kuanza na jino, kwa sababu lilikuwa linaendelea kumeguka.

Sasa tumefika kwenye utukufu wangu.

Wiki ile ile feni ya chumba safi ilianza kukohoa. Nikaitwa. Nikavaa kila kitu: ovaroli, barakoa mbili, glovu mbili, kofia. Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko, nikakaza nati, feni ikanyamaza. Kazi safi. Nikataka kuhakikisha kwamba hewa inakwenda upande unaotakiwa. Nawaombeni mniwazie vizuri. Fundi anahakikisha kazi yake kwa kipimo anachokiamini. Nilishusha barakoa. Nilivua glovu. Nililamba kidole nikakiinua juu ya meza ya kazi, na kwa kweli hewa ilikuwa inakwenda vizuri sana. Nikashuka, nikashika ukingo wa meza nisianguke, nikatoka huku nikijipongeza.

Matokeo ya jino yalipotoka dada wa kompyuta alikuwa likizo, na Mkurugenzi akayasoma mwenyewe. Mtoto wa kiume! Vinasaba vimehifadhika ajabu, vizuri kuliko vyovyote vilivyowahi kuonekana katika nchi za joto! Ndipo zikapigwa zile simu. Wiki nzima jengo zima lilitembea juu juu. Hata mlinzi alikuwa anawaambia watu wa getini kwamba tumempata kijana. Kisha dada wa kompyuta akarudi, akalinganisha na mate ya wafanyakazi, akalinganisha tena, akaja karakana akanikuta nakula mkate. Akaniuliza hali yako, babu.

Mama Vumbi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka pale koridoni akiwa ameshika ukuta, na yeye alipocheka wote tukapata ruhusa. Mkurugenzi akacheka mwisho, kwa uchungu kidogo, maana alikuwa na simu za kupiga upya. Jina la Babu lilinikaa miezi sita. Mama Vumbi akasema jino tuliweke kando, twende kwa mama mtu, na kuanzia siku ile nikawa naingia chumba safi nikiwa na mashine ya ng'ambo mkononi na yeye amesimama nyuma yangu.

Ngoja niseme kuhusu mfupa ule wa sikio. Alinionyesha kupitia kioo kabla hajautoboa. Ni mdogo, unaenea kwenye kiganja cha mtoto. Nikamuuliza kwa nini huo. Akasema kwa sababu ni mgumu, unaficha vitu vizuri. Nikaendelea kuuangalia, na fikra iliyonijia sikuweza kuifukuza siku nzima. Kwamba huu ndio mfupa uliosikia. Yule mtoto alipolia, ulisikia. Kondoo wa kwanza walipolia bondeni, sauti ambayo bibi yake hakuwahi kuisikia maishani, ulisikia. Ulisikia mtu akimwita kwa jina lake, kwa lugha ambayo hakuna kinywa duniani kinachoijua tena. Na sasa umelala juu ya karatasi mbele ya mwanamke aliyeshika kekee kwa mikono miwili, na feni yangu juu inanong'ona. Mimi ni mtu wa maneno mengi, kila mtu anajua. Siku ile nilirudi karakana nikakaa juu ya boksi la vifaa, nikaisikiliza feni mpaka saa ya kufunga.

Matokeo yalitoka asubuhi, siku ya kawaida, watu wana vikombe mkononi. Dada wa kompyuta alituita kwenye skrini kubwa ya koridoni. Palikuwa na mistari iliyosimama mingi kama uzio, kila mstari mtu mmoja, rangi zimepangwa ndani yake. Wa kwanza kabisa ni yule mama wa pangoni, na alikuwa kijani mtupu, kuanzia chini hadi juu. Hakuwa na tone la mgeni. Baada yake wakafuata watu walio hai, wale wa vijiji vyote vinavyozunguka kilima waliotutolea mate kwa hiari yao. Nyekundu ya wafugaji ipo. Njano ya wakulima ipo, tele. Na chini, kwenye miguu ya kila mstari, palikuwa na kijani.

Kila mstari. Tukasogea. Mlinzi aliacha geti. Tulianza upande mmoja tukatembea na ule uzio hadi mwisho, tunainama kuangalia miguu ya watu, na hatukumkosa hata mmoja. Wengine kijani chao kilikuwa kamba nyembamba, wengine kiganja kizima, lakini kilikuwepo. Mkurugenzi, ambaye kwa miaka yote anatueleza kwamba ukoo wake ulishuka na ng'ombe moja kwa moja bila kusimama njiani, aliomba aonyeshwe mstari wake. Na yeye. Mlinzi aliomba. Na yeye. Wangu mimi ulikuwa na kijani kuliko wa mfanyakazi yeyote, na kabla sijafungua mdomo kujisifu niliona wote wamegeuka wananiangalia mikono. Nikanyoosha vidole vyote kumi. Vikavu.

Dada wa kompyuta alikuwa ameshahakikisha. Alisema vinasaba vya mtu aliye hai ni virefu, kama uzi mpya kwenye donge lake, na vya wafu wa kale ni vifupi, vimechakaa ncha kwa namna ambayo hakuna mtu aliye hai anaweza kuiigiza, hata Feni. Vya yule mama vilikuwa vimechakaa vyote. Safari hii si mimi niliyekuwa ndani yake. Ni yeye aliyekuwa ndani yangu.

Mama Vumbi akatueleza taratibu, bila kikombe, maana hakuna aliyekuwa anakunywa. Kwamba tunaposema watu walihama, tunawaza msafara, mizigo kichwani, kiongozi mbele. Haikuwa hivyo. Mtu alijenga bonde moja mbele ya baba yake. Mwanawe akavuka kijito kufuata majani. Mjukuu akaoa upande wa pili wa kilima. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba yumo safarini, na baada ya vizazi mia moja bara zima limebadilika sura. Akatuonyesha kipande kingine cha vinasaba, kile ambacho mtu hukipata kwa mama peke yake, na mama kwa mama yake. Katika vijiji vile, kwa wengi, kipande hicho kilikuwa cha pangoni. Maana yake walikuja wanaume na mifugo yao, wakakuta mabinti. Nyumba zikajengwa. Watoto wakazaliwa wakaitwa kwa majina ya akina baba, wakaambiwa walitoka kaskazini. Na kila jioni aliyewapikia na kuwaimbia alikuwa ametoka pale pale.

Hakusema "niliwaambia". Ningekuwa mimi ningesema kwa kipaza sauti. Alivua miwani, akaifuta, akamwomba mlinzi arudi getini.

Mwezi uliopita tuliwarudisha. Nilitengeneza kisanduku kwa mikono yangu, mbao laini, hakuna msumari, na ningependa ijulikane kwamba kifuniko kinaingia bila kusukuma. Wakati wa kupanga, nikaona mfuko wa mtoto ni mwepesi mno. Vibanzi viwili vya fuvu na mchanga. Nikamuuliza Mama Vumbi jino liko wapi, lisije likasahaulika kwenye friza. Aliendelea kukunja karatasi.

"Lilikwisha, mwanangu. Lilikuwa linatosha mara moja tu."

Akanipa ncha ya pili ya karatasi nimsaidie kukunja.

Kilimani, mwenye kilima alitupokea na mbuzi wake wote. Mama Vumbi alikaa naye juu ya jiwe akamweleza yaliyoonekana, na kwamba katika ule mstari wa akina mama, yeye mwenye kilima na yule wa sandukuni ni mstari mmoja. Ni bibi yake, au dada wa bibi yake, huko nyuma kabisa. Yule mama mwenye sauti alishuka kwenye jiwe akaliendea sanduku. Kisha akasema polepole kwamba kumbe miaka yote amekuwa akimwita mgeni. Akaomba sanduku alishike yeye mpaka ndani.

Alipolitua, akaweka kiganja juu ya ule mfuko mdogo.

"Na huyu je? Mtoto wa nani?"

"Huyo hatujamjua," alisema Mama Vumbi, na hakunitazama.

Pango limefungwa.

Nimeambiwa nimalizie kwa shukrani. Mama Vumbi, ofisi inakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa wanafunzi uliowalea, kwa chai zetu ulizokunywa. Mkurugenzi anakushukuru kwa ule mguu wa kijani, ingawa bado hajamwambia baba yake. Dada wa kompyuta anakuombea usingizi mrefu na asubuhi zisizo na kengele. Mlinzi anasema ukija kututembelea utaingia na viatu, na sisi wengine tunasema tutaona. Nenda kapumzike vizuri, ulime bustani yako, ushike udongo bila glovu, vumbi likuzoee na wewe ulizoee. Kwa maisha uliyobakiwa nayo tunakutakia kila jema tunalolijua na mengine tusiyoyajua.

Uliomba programu hii niandike mimi, ukasema nisikusifu sana. Nimejaribu. Lakini ile hadithi ya Babu hapa ofisini inasimuliwa nusu, na nusu yake uliizuia wewe kwa kicheko chako cha koridoni, ili mtu asije akauliza gharama yake. Naimalizia. Jino lilikuwa linatosha kwa jibu moja. Lilikuwa la mwisho, na lingejibu swali lako, na badala ya kukuambia yule ni mtoto wa nani likakupa mimi, mtoto wa mama yangu. Miaka yote umetufundisha kwamba hakuna kinachopotea. Kile kimoja kilipotea, Mama, na kilipotea kwenye kidole changu.